Uliza Mwalimu: Nyota iliyolipuka, kibomba cha milimita nne na kompyuta katikati

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja bila wenyewe kujuana. Kuna mvuvi, mwanafunzi, mama wa sokoni na fundi, basi nimeona nizijibu kwa kufuatana maana ya kwanza inafungua ya pili. Ya mwanafunzi nimeipa nafasi kubwa kwasababu ndo yenye mzizi wa zote.

SWALI: Kaka mwalimu, habari za Mwanza mjini. Sisi ni wavuvi wa dagaa, kambi yetu ipo Ukerewe. Zile wiki za giza tukitoka usiku, hasa mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, upande wa kusini kwa chini naona kawingu keupe kama moshi. Mawingu mengine yanapita, kenyewe kapo tu na kesho yake nakakuta tena. Wenzangu wanasema ni macho yangu. Ni nini kile? (Mvuvi, Ukerewe)

JIBU: Nzuri kaka, na macho yako hayana shida yoyote. Kile sio wingu, ni nyota, mabilioni ya nyota zilizo mbali kiasi kwamba jicho linaziona kama moshi. Ni galaksi ndogo jirani na hii yetu, inaitwa Wingu Kubwa la Magellan, na umbali wake ni kama miaka ya mwanga 160,000, yani mwanga uliouona ukiwa kwenye mtumbwi ulianza safari miaka 160,000 iliyopita. Ukikaangalia usiku mzima utaona kanahama taratibu pamoja na nyota zingine. Kwa huko Ukerewe hakapandi sana, nyoosha mkono ufumbe ngumi, ngumi mbili na kidogo juu ya maji ndo mwisho wake. Mimi huku Kirumba sikaoni, taa za mji zinakafuta, na nyie mkishawasha taa za sola za kuitia dagaa hamtakaona tena, kwa hiyo waonyeshe wenzako kabla hamjaziwasha.

Na sasa nikuambie kwanini kawingu hako kananigusa. Februari 1987 mwanga wa nyota moja iliyolipuka ndani yake ulitufikia, ikaonekana kwa macho matupu bila darubini, kitu ambacho kwa mlipuko wa aina hiyo kilikuwa hakijatokea tangu 1604. Waliipa jina SN 1987A. Wazee waliokuwa ziwani mwaka ule inawezekana kabisa waliiona bila kujua wanaangalia nini, na wewe ukiwa na mzee wa kambi anayekumbuka nyota mpya upande ule naomba uniandikie tena. Mlipuko huohuo ndo unaotupeleka kwenye barua inayofuata.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita, PCM, hapa Nyegezi. Nimesoma kwamba kuna wanasayansi wanapiga leza kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele halafu wanasema wanasoma nyota iliyolipuka. Darasani tumebishana sana. Nyota ni kubwa kuliko Dunia, itafananaje na kitu cha milimita? Halafu naona wanatumia na kompyuta tena kuigiza mambo yaleyale, kwanini wasichague moja, maabara au kompyuta? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubishi wenu ni mzuri na hata wakubwa waliubishania, twende taratibu.

Kwanza wimbi la mshtuko lenyewe. Sauti ya kawaida ni hewa inayopashana habari, chembe inasukuma jirani yake, jirani anasukuma jirani. Sasa kitu kikienda kasi kuliko hiyo sauti, hewa ya mbele haipati taarifa, inakutwa imekaa tu inapigwa ghafla, presha na joto vinaruka kwenye ukuta mwembamba mno, na ukuta huo unaotembea ndo wimbi la mshtuko. Sisi watu wa ziwa tunalijua, radi zetu za usiku ni hilohilo. Umeme wa radi unapasha hewa ya njia yake mpaka kama nyuzi 30,000 kwa muda mfupi kupita kupepesa jicho, hewa inatanuka kwa fujo na wimbi linatoka, ndo maana radi iliyopiga mtaa wenu inasikika PAA moja kavu, na iliyopiga mbali kule ng'ambo inaunguruma tu maana wimbi limeshachoka limekuwa sauti.

Ukitaka kuona kitu cha ukoo huo kwa macho, chukua sinia pana lililo bapa, liweke chini ya bomba, fungulia maji kidogo yashuke kama uzi mnene. Utaona katikati duara ambapo maji ni membamba na yanakimbia, halafu ghafla kwenye ukingo wa duara yanaruka yanakuwa manene na yanapunguza mwendo. Sasa gusa kwa ncha ya kijiti ndani ya duara: mikunjo inaenda nje tu, inachora kama herufi V, haiwezi kurudi nyuma. Gusa nje ya duara, mikunjo inasambaa pande zote. Ule ukingo ndo mpaka kati ya maji yanayokimbia kuliko habari zake na maji yanayopashana habari. Nilikaa na sinia hilo jioni nzima, mke wangu akija kuchota maji anakuta bomba limeshikwa. (Mkia wa boti unaouona pale Kamanga sio mfano mzuri sana, kwenye maji ya kina mikunjo mirefu na mifupi haina mwendo mmoja, ila vitabu vingi vinautumia.)

Na msidhani sinia ni mchezo wa watoto. Mwaka 2003 Blondin na wenzake huko Marekani waliona kwenye kompyuta kwamba wimbi la mshtuko ndani ya nyota inayoporomoka (nyota ya aina hii kiini chake kinaporomoka kwanza, ndo inalipuka) halikai sawa, linayumba upande huu na upande ule. Je ni kweli au ni programu inajitungia? Mwaka 2012 Mfaransa Thierry Foglizzo na wenzake wakatengeneza chombo cha maji kinachofuata fizikia hiihii ya sinia, ila maji yao yanaingia kutoka ukingoni kwenda katikati kama mata inavyoangukia kiini cha nyota. Mruko wa maji ukayumba vilevile, kwenye kitu kidogo kuliko cha nyota mara milioni moja na cha polepole kama mara mia.

Sasa swali lenu kubwa, la ukubwa. Fikiria meli ya MV Mwanza, urefu wake mita 92.6. Ukitengeneza mfano wake mdogo mara 25, utakuwa na kitu cha mita 3.7 hivi. Ukikivuta kwa mwendo uleule wa meli mawimbi yake hayatafanana kabisa. Ila ukikivuta kwa moja ya tano ya mwendo, yani kipeuo cha pili cha 25, mawimbi yanajipanga vilevile kama ya meli kubwa. William Froude wa Uingereza alilifanyia kazi hilo miaka ya 1870, na kwenye uhandisi wa meli mpaka leo mifano inavutwa kwa sheria yake. Kwa hiyo kufanana sio kulingana ukubwa, kufanana ni namba fulani kuwa sawa pande zote mbili.

Kwa mlipuko wa nyota namba yenyewe ni hii: kasi, zidisha kwa kipeuo cha pili cha msongamano uliogawanywa kwa presha. Ryutov na wenzake mwaka 1999 waliipigia hesabu. Upande wa nyota waliweka tabaka lenye unene wa kama kilomita laki tisa, kasi kama kilomita 200 kwa sekunde, presha ya angahewa kama milioni 35. Upande wa maabara unene maikromita 53, kasi kilomita 1.3 kwa sekunde, presha ya angahewa kama laki sita. Ukizungusha hesabu nyota inatoa 0.29 na maabara 0.34. Hebu irudieni wenyewe darasani, msongamano wa nyota wekeni gramu 0.0075 kwa sentimita ya ujazo na wa maabara gramu 4, mkumbuke tu kubadilisha vipimo vyote viwe vya aina moja. Kwa kipimo hicho nanosekunde 20 za maabara ni zaidi kidogo ya nusu saa ya nyota. Ila kuna masharti na hapa wengi wanapita haraka: mnato wa gesi, joto linalosambaa lenyewe na mwanga unaotoroka na nishati lazima viwe vidogo pande zote mbili. Sharti moja likivunjika mfano umekufa.

Sasa kompyuta. SN 1987A ilileta kitendawili. Vitu vizito vilivyotengenezwa tumboni mwa nyota vilitegemewa vibaki chini vimefunikwa muda mrefu, lakini miale ya eksirei ikaanza kuonekana Agosti 1987, miezi sita tu, mapema kuliko mahesabu. Maana yake vya ndani vilipenya vikatoka nje. Vinapenyaje? Mlipuko ukipunguzwa mwendo na tabaka la nje, cha ndani kizito kinasukumana mbele, kama daladala ikifunga breki mzigo wa nyuma unavyokuja mbele, na mpaka kati ya kizito na chepesi hautulii, unatoa vidole. Vidole hivyo mnaweza kuviona mkimimina maziwa ya baridi taratibu juu ya chai ya moto kwenye glasi.

Programu za nyota zilichora vidole, ila vikaenda polepole kuliko vilivyopimwa angani, ambako vitu vizito vilizidi kilomita 3,000 kwa sekunde. Hapo ukiwa mkweli unajiuliza, kosa ni la nyota tuliyoidhania au ni la programu yenyewe, haijui kuchora vidole? Angani huwezi kujua, nyota ililipuka mara moja basi. Ndipo miaka ya 1990 pale Livermore, California, Bruce Remington, Jave Kane, Paul Drake na wenzao wakachukua shaba na plastiki zilizobandikwa pamoja, kwenye maungio wakachonga mikunjo midogo, wakaipiga kwa leza iliyoitwa Nova na kuipiga picha za eksirei ikiota vidole. Halafu wakaendesha programu mbili kwa kitu hichohicho, CALE iliyozoea mambo ya maabara na PROMETHEUS iliyoandikwa kwa ajili ya nyota. Mimi hapo ndo napapenda kuliko pote. Programu ya nyota imekalishwa kwenye mtihani ambao majibu yake yapo, kwenye picha, yameshikwa. Ikaonyesha inajua kuota vidole, kwa hiyo macho yakageukia kwenye jinsi nyota ilivyowekwa, na mwaka 2010 Hammer, Janka na Müller walipoendesha mlipuko kwa pande zote tatu badala ya mbili, ukiwa hauko sawa tangu mwanzo, vidole vikakimbia zaidi.

Umeona sasa kwanini hawachagui moja? Maabara haina uvutano wa nyota, haina umbo lake la duara, haina nyutrino zake, zile chembe nyepesi mno zinazomwagika kiini kikiporomoka. Kompyuta inaweza kuwekewa vyote hivyo, ila yenyewe itakuchorea picha nzuri hata ikiwa imekosea, na picha ya uongo kwenye skrini ina rangi zilezile za picha ya kweli. Mimi programu ambayo haijawahi kuwekwa mbele ya jaribio siiamini kwenye nyota, hata mwenye nayo awe nani.

Na maabara nayo inafundisha. Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa na mradi ulioitwa CRASH, wa mawimbi yanayong'aa. Walipiga kwa leza kidude cha berili chenye unene wa maikromita 20, kikasukuma wimbi kwenye gesi ya zenoni ndani ya kibomba cha plastiki chenye kipenyo cha milimita 0.6 na urefu kama milimita 4. Mwanzoni wimbi linakwenda kama kilomita 150 kwa sekunde, ingekuwa barabarani sekunde moja tu unakaribia Shinyanga. Hapa lile sharti la mwanga limevunjwa makusudi, wimbi linang'aa kiasi kwamba mwanga wake unatangulia kupasha gesi ya mbele, na gesi inabanwa mara nyingi kupita zile mara 4 ambazo ndo mwisho kwa gesi rahisi isiyopoteza nishati kwa mwanga. Na kwenye picha za eksirei wakakuta kitu pembeni: mwanga uliotangulia umechoma ukuta wa kibomba, ukuta umetanuka na kutoa wimbi lake wenyewe kwenda ndani. Programu isiyohesabu ukuta haiwezi kulipata hilo hata uiendeshe mwaka mzima.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi nauza dagaa Mwaloni, mwanangu ndo ananisomea gazeti. Hizo leza zinagharimu pesa nyingi na nimesikia ni mambo ya mabomu. Ni kweli? Sisi inatuhusu nini? (Mama, Mwaloni Kirumba)

JIBU: Njema mama yangu, nitakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, mabomu yamo. Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho la bomu la nyuklia chini ya ardhi mwaka 1992, na leza kubwa kama ile ya National Ignition Facility ilijengwa kwa sehemu kubwa ili wapate kuyajua mabomu yao kwa kompyuta na majaribio madogo bila kulipua. Wanaosoma nyota wanapewa sehemu ya muda wa mashine hiyohiyo. Mimi naona ni afadhali kibomba cha milimita nne kuliko kulipua ardhi, lakini sitakuficha kwamba mfuko uliolipa ni huo.

Nguvu yenyewe sio kama unavyodhani. Leza hiyo ina miali 192, na Desemba 2022 ilipiga kwa nishati ambayo ingechemsha kama lita sita za maji tu, sufuria ya chai ya pale mgahawani. Ile ya vibomba vya Michigan ilitumia nishati ya kuchemsha pungufu ya kijiko kikubwa cha maji. Ila ni kwa sehemu chache za bilioni ya sekunde, na kwenye eneo dogo mno, hapo ndo ukali wake. Linalotuhusu mimi na wewe ni mahesabu: namna ya kukadiria wimbi likipiga kitu inatumika pia kwenye ndege na kwenye usalama wa migodi, na huku Kanda ya Ziwa migodi tunayo. Na mwanao anayekusomea, mwambie aulize maswali mengi zaidi.

SWALI: Mwalimu mambo. Natengeneza laptop Makoroboi. Nina moja ya kwangu RAM 8, nataka niendeshe hayo mawimbi mwenyewe, inawezekana au ni mpaka kompyuta kubwa kama nyumba? (Fundi, Makoroboi)

JIBU: Poa mdogo wangu, inawezekana na uanze leo. Programu inakata nafasi kuwa visanduku, kila kisanduku kinabeba namba tano: msongamano, mwendo wa pande tatu na nishati. Kwa pande tatu ukiweka visanduku 200 kila upande ni milioni 8, kila namba baiti 8, jumla kama megabaiti 320, laptop yako inabeba. Weka 1,000 kila upande, ni bilioni moja na gigabaiti 40, hapo umeshindwa. Na ukiongeza ukali mara mbili visanduku vinakuwa mara 8, halafu hatua za muda nazo lazima zipungue nusu, maana wimbi haliruhusiwi kuruka kisanduku kizima kwa hatua moja, sheria ya Courant, Friedrichs na Lewy ya tangu 1928, kwa hiyo kazi ni mara 16. Kuna programu za bure kama Athena++ na PLUTO, ila usianze nazo, andika yako kwa Python ya upande mmoja tu.

Anza na mtihani wa Sod wa 1978. Bomba la urefu 1, pazia katikati kwenye 0.5. Kushoto msongamano 1 presha 1, kulia msongamano 0.125 presha 0.1, vyote vimetulia, gama (namba inayosema presha ya gesi inapandaje ikibanwa) 1.4. Ondoa pazia. Nilipoandika yangu mara ya kwanza nilitumia njia ya kukadiria ya kawaida ya darasani, kwenye wimbi ikanitolea meno ya msumeno, na mara presha ikawa hasi, nikahangaika siku tatu nikidhani nimekosea kuandika namba. Tatizo ni kwamba wimbi ni jembamba kuliko kisanduku, na mahesabu laini hayawezi kupanda ukuta. Von Neumann na Richtmyer mwaka 1950 waliongeza mnato wa bandia pale kwenye wimbi tu ili lisambae visanduku vichache, na Godunov mwaka 1959 akaja na njia ya kutatua tatizo dogo la pazia kwenye kila mpaka wa visanduku. Tumia ya Godunov, ndefu kuandika lakini imetulia. Na weka programu ihifadhi hali yake kwenye faili kila baada ya hatua kadhaa, mimi umeme ulikatika saa nane usiku kazi ya saa sita ikapotea yote.

Kabla hujaangalia rangi zozote, jumlisha masi ya visanduku vyote mwanzo na mwisho. Wimbi likiwa bado halijafika mwisho wa bomba lazima iwe ileile, ikipungua hata kidogo kuna mahali unavuja. Endesha mpaka muda 0.2 kwa visanduku 100, halafu 400. Mruko wa kulia kabisa utazidi kuwa mwembamba, lakini mahali pake hapatakiwi kuhama, unatakiwa kuwa pale kwenye 0.85. Nitumie ulichopata.